Walioketi Kwenye Mitungi

Meza ya kuchorea ilikuwa inamfika Shangazi kifuani. Ilijengwa kwa matofali ikapigwa saruji juu, na aliyeijenga alikuwa kaka yake, mtu mrefu kama nguzo ya umeme, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kufikiria kwamba kuna watu wafupi. Kaka alishafariki. Meza ilibaki. Kila asubuhi Shangazi alifunga aproni yake yenye madoa ya udongo, akaweka mtungi katikati ya meza, akachukua spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha, akaanza kuuzunguka.

Mtungi uliokauka nusu hauzungushwi. Ukiugeuza-geuza kitako kinapinda, na mtungi wenye kitako kilichopinda hausimami tena, unaegemea ukuta kama mlevi. Kwa hiyo mtungi ulitulia, naye mchoraji ndiye aliyetembea. Shangazi alisafiri sana katika maisha yake, na safari zote alizifanya katika chumba kimoja.

Juu ya udongo mwekundu mtungi ulikuwa umepakwa uji wa udongo mweupe. Alipokwangua weupe kwa ile spoki, wekundu ulichungulia, na huo wekundu ndio ulikuwa mchoro. Alichora akina mama wanaotembea: wembamba, shingo ndefu, mizigo kichwani, mmoja nyuma ya mwingine kulizunguka tumbo la mtungi, mpaka wa mwisho anamkanyaga kisigino wa kwanza. Hawakuwa wanaenda popote. Mtu akiwatazama vizuri angeligundua hilo, ila wanunuzi wa mitungi si watu wa kuuliza maswali.

Kitu ambacho Shangazi alikitaka ni stuli. Hakutaka kochi. Hakutaka kiti cha kuzunguka kama cha ofisini. Alitaka stuli ya mbao yenye miguu mirefu ya kufikia meza ile, akae achore upande unaomwelekea, ainuke, aisogeze, akae tena. Kreti la mbao la soda alishalijaribu. Akilikalia alikuwa anatazamana na matofali ya meza, na matofali hayachorwi.

Mwenye karakana sasa alikuwa mtoto wa yule kaka. Aliomba watu wote wamwite Meneja na watu wote wakamwita Meneja, isipokuwa Shangazi, aliyemwita mwanangu kwa sababu alimlea akiwa amemfunga mgongoni, hapo hapo mezani, huku anachora. Ni kijana mwenye adabu. Hajawahi kupita mbele ya Shangazi bila kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Miguu inasemaje leo?"

"Inasema stuli."

Meneja alicheka mpaka akashika kiuno. "Shangazi bwana! Wewe huachi utani." Kisha akawa makini, kwa sababu alikuwa amewahi kuhudhuria semina. "Tatizo siyo stuli. Tatizo ni sanaa. Mchoraji akikaa, na mkono unakaa. Utachoraje watu wanaotembea wakati wewe umeketi?"

Mpishi alisikia. Mpishi hakuwa anapika chakula. Alikuwa mchomaji wa tanuri, na jina hilo alipewa kwa sababu alizoea kusema mitungi yake imeiva au haijaiva. Yeye alikuwa amekaa juu ya lile kreti la soda, mgongo ukutani.

"Basi na mimi nikichoma mitungi niingie humo humo ndani," alisema. "La sivyo haitaiva."

Meneja alijitia hamnazo, akaenda ofisini kwake.

Ikawa hoteli moja kubwa imeagiza mitungi ya kupamba korido zake zote. Waliwahi kununua michache, wakaiwekea maji na maua, ikatoa jasho kama udongo mtupu unavyotoa, na mgeni mmoja akateleza kwenye lile dimbwi akaserereka kwa mgongo mpaka mbele ya mapokezi. Sasa walitaka mitungi ileile, akina mama walewale wanaotembea, kwa sababu hata bango la hoteli lilikuwa na akina mama wanaotembea, lakini safari hii iwe na glezi: ile ngozi ya kioo inayofanya chombo king'ae na kisivuje.

Pale karakana hakuna aliyejua glezi. Kaka mtu alikuwa anasugua mitungi kwa jiwe laini mpaka inang'aa kidogo, basi, yameisha. Meneja alimwendea Shangazi, akainamisha kichwa kuliko siku zote.

"Shangazi, wewe ndiye mwenye mkono. Jaribu. Ukinipatia glezi isiyotiririka na isiyopasuka, stuli hiyo hapo. Nakwenda kwa seremala mwenyewe, kwa miguu yangu."

"Ndefu."

"Ndefu kama twiga, Shangazi."

Shangazi akaanza kusaga chupa za kijani. Alizitwanga kwenye kinu cha chuma, akauchekecha unga wake kwa kipande cha pazia la zamani, akauchanganya na majivu, magadi, na udongo mweupe kidogo ili mchanganyiko ushike. Kazi yote hiyo ilifanyika kwa kusimama. Mitungi ilichomwa kwanza bila glezi, ikatoka vizuri, akina mama wanatembea kama kawaida yao. Kisha ikachovywa na kurudishwa motoni, na huko ndiko mambo yalikoanza kwenda mrama.

Glezi ya mwanzo ilitiririka kama udenda wa mtoto anayeota meno, ikaugandisha mtungi kwenye rafu ya tanuri, na Mpishi akautoa kwa nyundo, vipande vipande, akiusemesha kwa upole. Shangazi akapunguza magadi. Ikatoka nyeupe kama maziwa, akina mama wakapotelea humo kama watu waliotoka mapema siku ya ukungu. Akapunguza majivu. Ikatoka na vitundu kama uso wa mtu aliyepona tetekuwanga. Nyingine ilitoka safi, inang'aa, kila mtu akapiga makofi, halafu ikiwa pale mezani inapoa ikaanza kulia ti, ti, ti, na nyufa nyembamba kama nywele zikatambaa juu yake mpaka ikawa kama ganda la yai lililodondoshwa na mtu asiyetaka kukiri.

"Hii nayo imezeeka kabla ya kuzaliwa," alisema Mpishi.

Shangazi hakucheka. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimevimba vikamwagika juu ya viatu. Jioni alipokuwa anafika nyumbani alilala huku ameiinua miguu ukutani, na hata katika hali hiyo ilikuwa inaendelea kutembea yenyewe kidogo kidogo, kwa mazoea.

Aliongeza udongo mweupe. Akausaga unga wa chupa mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto. Akachovya mtungi na kuutoa upesi, kama mtu anayeonja chai ya moto kwa kidole. Mpishi akaupika, akaacha tanuri lipoe lenyewe bila papara, na asubuhi akatoa tofali moja la mlango akachungulia. Akatoa la pili. Akafunga kichwa chake kwa kitambaa kibichi, akaingiza mikono, akautoa mtungi, akauweka juani.

"Imeshika," alisema.

Glezi ilikuwa nyangavu kama maji ya kisima. Uliweza kuona kila mkwaruzo wa spoki chini yake. Shangazi akaugonga kwa kifundo cha kidole, mtungi ukaitika kama kengele.

"Ila wamekaa," akaongeza Mpishi.

"Kina nani?"

"Akina mama zako."

Shangazi akauzunguka mtungi, maana hiyo ndiyo namna pekee aliyoijua ya kuutazama mtungi. Ni kweli, walikuwa wamekaa. Mizigo walikuwa wameitua na kuipanga vizuri kwenye ule mstari wa chini aliouchora kuwa ardhi. Wengine walikuwa wamenyoosha miguu mbele, wengine wameikunja upande. Mmoja alikuwa amesinzia, kichwa kimeangukia bega la mwenzake, na mwenzake alikuwa amekaa wima kabisa ili asimwamshe. Mmoja alikuwa anajisugua kisigino.

Meneja akaitwa. Alikuja na kikombe cha chai mkononi.

"Haijatiririka?"

"Haijatiririka."

"Haijapasuka?"

"Hata unywele."

Akapitisha kiganja juu yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaona. "Na hawa je?"

"Wamechoka," alisema Shangazi.

"Wote?"

"Hesabu mwenyewe."

Meneja akamaliza chai yake yote. Alisema kwamba glezi ni nzuri sana, tena sana, na Mungu ambariki Shangazi, lakini hoteli iliagiza akina mama wanaotembea, kwa hiyo kazi ilikuwa haijakamilika, na kwa kuwa haijakamilika seremala asubiri kwanza. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika maji.

Wakaendelea kujaribu. Meneja ndiye alikuwa na mawazo, Shangazi ndiye alikuwa na spoki. Akina mama wakachorwa bila magoti, miguu imenyooka kama vijiti, ili wakitaka kukaa washindwe. Wakatoka tanurini wamelala. Ule mstari wa ardhi ukaondolewa wasipate pa kukalia. Wakakaa juu ya mizigo yao. Glezi ikatengenezwa kwa chupa za kahawia badala ya zile za kijani; wakakaa vilevile, tena wakampa mgongo anayewatazama. Hapo Meneja akasema labda wanawake ndio wenye tatizo, wachorwe wanaume wenye majembe mabegani.

"Hao wamekaa," alisema Mpishi alipofungua tanuri, "na kwa jinsi ninavyowaona, walikaa kabla sijawasha moto."

Mpishi alikuwa na maelezo yake kuhusu jambo lile, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na maelezo, yakakubaliwa. Kwenye moto wa kwanza, alisema, sakafu huwa ya moto mno, hakuna anayeweza kukaa hata akitaka. Kwenye moto wa pili glezi inayeyuka, inawapita miguuni kama maji ya mto. Na wewe mtu umetembea kutwa nzima na mzigo kichwani, ukute maji ya mto, utafanya nini?

Siku ya kukabidhi ikafika. Mama wa hoteli alikuja mwenyewe, mwanamke mwenye haraka, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Meneja alikuwa ameshaandaa maneno ya kuomba radhi. Hakuyatumia. Mama wa hoteli aliinama mbele ya mtungi wa kwanza, akavaa ile miwani ya kichwani.

"Huyu amelala kabisa," alisema.

"Tunaweza kurekebisha, mama," alisema Meneja.

"Urekebishe nini? Wageni wangu wanatoka huko wamechoka kama punda. Wakishuka kwenye teksi wanaona watu wanatembea na mizigo, tena wanachoka zaidi. Hawa wanawaambia karibu, keti." Akamgeukia Mpishi, aliyekuwa amekaa, akamwona Shangazi, aliyekuwa amesimama, akachagua kumpongeza Mpishi. "Una mikono ya ajabu, baba."

"Mikono ni ya huyu," alisema Mpishi. "Mimi nina kuni tu."

"Ahaa. Hongera, mama." Akaagiza mitungi ya korido zote, na ya bustani, na ile midogo ya kuweka kando ya vitanda. Alipoondoka alisema bango la hoteli nalo litabadilishwa.

Jioni hiyo Shangazi alifungua aproni, akaenda kusimama mlangoni pa ofisi. Mle ndani kulikuwa na kiti kimoja, na Meneja alikuwa amekikalia.

"Stuli, mwanangu."

"Shangazi wangu." Meneja aliinuka kwa heshima. Hakumpisha kiti, aliinuka tu. "Nimelifikiria sana hili. Nataka tuwe waangalifu. Hoteli imependa hawa waliokaa, sivyo? Sasa je, wanakaa kwa sababu ya glezi, au wanakaa kwa sababu yako?"

"Sijakuelewa."

"Na mimi sijaelewa. Ndiyo maana tutajaribu."

Kesho yake Meneja alibeba kile kiti chake cha ofisini kwa mikono yake mwenyewe. Mpishi akapanga makreti chini yake mpaka kikawa na urefu unaotakiwa, akashika huku na huku, na Shangazi akasaidiwa kupanda kama malkia anayepandishwa kwenye farasi. Akakaa. Mtungi ulikuwa mbele yake, usawa wa macho, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba tumbo la mtungi lina kivuli laini upande wa dirishani. Alichora siku nzima. Walimteremsha, wakasogeza makreti, wakampandisha tena, upande baada ya upande. Hakuwa na haraka. Mchana alisikika anaimba kwa pua wimbo usio na maneno, na Mpishi akazima redio ili asikie. Jioni vifundo vya miguu vilionekana, mifupa na yote.

Mtungi ule ukachomwa, ukachovywa glezi ileile ya kijani, ukachomwa tena. Mpishi akautoa akauweka juani. Wakauzunguka wote watatu.

Akina mama walikuwa wanatembea. Walitembea vichwa juu, hatua ndefu, nguo zinapepea, na midomo yao ilikuwa wazi kidogo kama watu wanaoitikia wimbo. Mmoja alikuwa karibu kukimbia. Yule mwenye kusinzia alikuwa mbele ya wote, tena mzigo wake ameushika kwa mkono mmoja, kwa maringo.

Ulikuwa mtungi mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Walijua hivyo wote watatu.

"Basi tumeelewa," alisema Meneja. Akakishusha kiti chake toka kwenye makreti, akakipangusa vumbi, akakirudisha ofisini. Alipotoka alikuja kumshika Shangazi mkono kwa mikono yake miwili.

"Umeona mwenyewe, Shangazi. Ukikaa wewe, wao wanasimama. Mimi stuli ningekuletea leo hii. Lakini hoteli inataka waliokaa."

"Mwanzo ulisema nikikaa hawatatembea."

"Mwanzo tulikuwa hatujui."

"Sasa tunajua."

"Sasa tunajua," alikubali Meneja, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, kwa sababu alimpenda shangazi yake, hilo halina ubishi.

Mtungi wa watembeao uliwekwa nyuma ya mlango wa ofisi, ukawa wa kuwekea miavuli. Kazi ikaendelea. Shangazi alizunguka meza, akina mama wakakaa, lori la hoteli likaja likapakia, likarudi tupu. Baada ya muda Meneja aligundua kwamba mitungi inayochorwa Jumatatu hutoka na akina mama waliochuchumaa tu, hawajakaa sawasawa, kama watu wanaosubiri kuitwa. Akalichunguza jambo hilo, akaona sababu ni mapumziko ya Jumapili. Akamwendea Shangazi, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa shati, akamwomba awe anakuja Jumapili pia, nusu siku tu, hata kama hachori, asimame simame.

Shangazi alikuja. Mpishi naye alikuja, ingawa hakuna aliyemwomba. Alilitoa lile kreti la soda nje akalipasua, akalitia tanurini, kisha akasimama ukutani na mikono nyuma. Kufikia saa sita miguu yake ilikuwa inatetemeka.

"Sasa wewe unamkomoa nani?" aliuliza Shangazi.

"Sijui. Nimeona tu nisimame."

"Kaa, bwana wee. Umelipasua kreti zima, mtu mzima hovyo."

Mpishi akakaa chini sakafuni. Shangazi akacheka kidogo, ikawa ndicho kicheko chake cha wiki.

Ilikuwa katika mtungi wa Jumapili hiyo, mtungi wa mwisho wa korido ya mwisho, ambapo Shangazi alichora kitu kisichokuwa kwenye oda. Alianza na akina mama, wote wamesimama, mizigo kichwani, kama kawaida, maana hakuna aliyeweza kuwachora wameketi; hilo lilikuwa shauri lao na moto. Lakini kati ya wa mwisho na wa kwanza aliacha nafasi, na katika nafasi hiyo akachora stuli. Aliichora taratibu kuliko kitu chochote alichowahi kuchora. Miguu mirefu minne, kipande cha kuegeshea nyayo, na kikalio chenye bonde kidogo katikati, kama kilichowahi kukaliwa na mtu mmoja miaka mingi. Alifikiri labda mmoja wao ataipata. Yule mwenye kusinzia, kwa mfano. Angalau mmoja.

Mpishi aliufungua mlango wa tanuri. Aliubeba mtungi mpaka mezani, akauweka katikati, akausogeza kidogo kidogo mpaka ile nafasi ikamwelekea Shangazi.

Akina mama walikuwa wamekaa wote, chini, kuizunguka stuli. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa tupu. Mmoja wao alikuwa amevua kitambaa chake cha kichwa na kukitandika juu ya kile kikalio, kama mtu anavyotandika ili mwingine asije akakaa, na wote walikuwa wameinua nyuso, hata yule mwenye kusinzia, wanatazama nje ya mtungi.

"Wamekuwekea nafasi," alisema Mpishi.

Shangazi akaweka kidole juu ya stuli. Glezi ilikuwa laini, nayo ilikuwa imeshapoa. Alikipitisha upande huu, akakipitisha upande ule. Kisha akakitoa kidole, kwa sababu Meneja alikuwa amefika.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

Meneja akauzunguka mtungi. Akakunja uso alipofika kwenye stuli, kwa kuwa haikuwa kwenye oda, kisha uso ukakunjuka. "Inavuruga mpangilio kidogo, lakini acha. Watadhani ni urembo." Akaufunga kwa magazeti ya zamani, akaukabidhi kwa dereva wa lori.

Hotelini uliwekwa mwisho wa korido, kando ya dirisha. Wageni hupita hapo na mabegi yao. Wengine husimama kidogo, huwaangalia wale akina mama, kisha huangalia nyuma yao, kama mtu aliyedhani ameitwa.

Shangazi akafunga upya kamba ya aproni. Akaweka mtungi mwingine katikati ya meza, akaonja ncha ya spoki kwa kidole gumba, akaanza kuzunguka. Wa kwanza alimaliza kumchora kabla ya chai: mwembamba, shingo ndefu, mzigo kichwani, amesimama wima, anasubiri moto.